Kanuni ipi hasa inakuzuia? Ofgem na majaribio ya umeme wa jirani kwa jirani

Februari 2017, Ofgem, mamlaka inayodhibiti umeme na gesi nchini Uingereza, ilifungua mlango ambao sekta hiyo haikuwa nao. Kampuni, ushirika au chuo chenye wazo jipya kiliweza kuomba kulijaribu kwa wateja halisi, na baadhi ya kanuni zikawekwa kando kwa muda usiozidi miezi 24. Mpango huo wa uwanja wa majaribio uliigwa kutoka FCA, mamlaka ya nchi hiyohiyo inayosimamia huduma za fedha, iliyokuwa imeanza mwaka mmoja kabla. Maombi yalifika 30. Waliopewa ruhusa katika duru hiyo ya kwanza walikuwa watatu.

Mtu akisikia watatu kati ya 30 atasema mdhibiti ni yuleyule, hakuna kilichobadilika. Lakini wengi wa waliobaki hawakuangushwa na ubaya wa mawazo yao. Ofgem ilipokaa nao iligundua kwamba wapo waliokuwa wakiomba kusamehewa kanuni ambayo haipo, wapo walioogopa kanuni isiyowagusa, na wapo waliobanwa kwelikweli, ila na kanuni iliyo mikononi mwa mtu mwingine. Kundi hili la mwisho ndilo lililoitoa jasho mamlaka yenyewe kwa miaka mitatu iliyofuata, na ndilo linalonifanya niandike.

Jengo moja la Brixton

Tuanze na ombi mojawapo lililopita, maana bila kuona waya na mita mjadala huu wote unabaki hewani.

Kusini mwa London, mtaa wa Brixton, kuna nyumba za halmashauri zinazoitwa Loughborough Estate. Mwaka 2012 ushirika wa wakazi uliweka paneli za sola za kilowati 37 juu ya paa la jengo mojawapo, Elmore House. Umeme wake ulihudumia kwanza mahitaji ya pamoja ya jengo, kama taa za korido, na uliozidi ukatoka kwenda gridini. Wakazi wenyewe, wanaolala chini ya paa hilo, waliendelea kununua umeme wao kwa kampuni za kawaida, kila nyumba na yake.

EDF, mmoja wa wauzaji wakubwa wa umeme nchini humo, ikaja na pendekezo pamoja na shirika la Repowering London, watafiti wa chuo kikuu cha UCL na washirika wengine. Kila nyumba itakayojiunga igawiwe fungu la umeme wa paa. Asiyelitumia fungu lake amuuzie jirani kupitia programu ya simu. Anayeshinda kazini mchana amuuzie mstaafu wa ghorofa ya tatu anayefua nguo saa hizo. Ukilieleza hivyo, kila mtu anatikisa kichwa kukubali.

Sasa ifuate uniti moja. Saa saba mchana inatoka kwenye paneli, inashuka na waya wa jengo, inaishia kwenye mashine ya kufulia ya yule mstaafu. Haijavuka hata barabara. Kwenye vitabu vya hesabu mambo ni mengine kabisa. Mita ya paa imesoma uniti iliyotoka kwenda gridini, ikalipwa takriban peni 5. Mita ya mstaafu imesoma uniti iliyoingia kutoka gridini, ikatozwa peni 15 hivi kwa bei za miaka ile. Kati ya 5 na 15 mna gharama za nyaya za taifa na za mkoa, tozo za sera za serikali, kodi, na fungu la muuzaji. Pengo hilo ndilo wakazi wanalotaka kugawana.

Kuna na jambo la pili, ambalo huwa halionekani hadi mtu wa hesabu akae mezani. Uingereza hufunga hesabu za soko la umeme kila nusu saa, mara 48 kwa siku. Wakati ule, nyumba nyingi za kawaida hazikuhesabiwa kwa matumizi yao halisi ya kila nusu saa. Zilikadiriwa kwa mchoro wa wastani wa mteja wa nyumbani. Mstaafu wetu angeweza kuhamishia ufuaji wake wote saa saba mchana, na mfumo ungeendelea kuamini kwamba anafua jioni kama wenzake. Muuzaji wake angelipia soko kwa mchoro ule. Faida ya kutumia umeme wakati jua linawaka haikuandikwa popote, na kisichoandikwa hakigawanyiki.

Tena, mita moja ina muuzaji mmoja. Huyo ndiye anayebeba kila wajibu: bili, tozo, kununua umeme sokoni, kuwalinda wateja wagonjwa na wazee. Huwezi kununua uniti mbili kwa jirani na nane kwa kampuni. Jirani aliyeko kwa muuzaji mwingine hawezi kuingia kwenye mpango bila kuhama, na aliyeingia ana haki ya kuhama apendapo, akilivuruga kundi.

Kusema "sheria zinatubana" hakutoshi

Vigezo vya Ofgem vilikuwa vichache. Wazo liwe jipya kweli, liwe na manufaa kwa wateja, liwe limezuiwa na kanuni, wateja wa jaribio walindwe, na jaribio lenyewe liwe na mpango wenye mwanzo na mwisho.

Upya ndicho kigezo kinachopendwa na waombaji, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili muda mdogo kuliko vyote. Miaka ile wasilisho la umeme lisilotaja blokucheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, lilionekana la kizamani. Mpimaji makini hajali kama daftari la mauzo limo kwenye blokucheni au kwenye Excel. Anachotaka kujua ni kitu gani atakachopata mkazi ambacho leo hakipati, na kama kitu hicho hakipatikani kwa njia nyepesi zaidi.

Chujio lenyewe ni kigezo cha kanuni. Mwombaji anatakiwa ataje sharti la leseni au kifungu cha kanuni za sekta, aeleze kinamkataza kufanya nini hasa, kisha aeleze kwa nini hawezi kufika palepale bila kukivunja. Hapo ndipo wengi walipokwama. Chukua ile programu ya simu ya Elmore House. Kama wakazi wote wanaoshiriki ni wateja wa muuzaji mmoja, muuzaji huyo anaweza kuwaonyesha kwenye simu fungu la kila mmoja, akahesabu nani kamuuzia nani, na mwisho wa mwezi akampunguzia mnunuzi bili na kumlipa mwenye fungu. Ni mpango wa bei wa kampuni kwa wateja wake. Msamaha unaanza kuhitajika pale unapotaka mahesabu ya taifa yaitambue ile uniti kuwa haikutoka nje ya jengo, au pale unapotaka mkazi awe na wauzaji wawili kwenye mita moja.

Ukilikata ombi namna hiyo, sehemu kubwa inabaki upande wa "endelea, hakuna anayekuzuia" na kipande kidogo upande wa "hapa kweli pana ukuta". Oktoba 2018 Ofgem ilichapisha iliyojifunza kutokana na duru mbili za kwanza, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo makubwa: wabunifu wengi walihitaji ushauri wa wazi kuhusu kinachoruhusiwa kuliko msamaha. Waliogopa. Mtu mwenye kampuni ya watu sita anasoma leseni ya mamia ya kurasa, haelewi, anaamua kwamba imekatazwa. Mwekezaji wake naye anasema leta barua ya mdhibiti.

Jingine ni kwamba wengi hawakutaka kufanya jaribio hata kidogo. Walitaka kuanzisha biashara. Kwao miezi 24 iliyokuwa na kikomo haikuwa zawadi; nani atanunua mitambo na kuajiri watu kwa ruhusa inayokwisha? Nadhani hapa mdhibiti na mwombaji walikuwa wakizungumza wakipishana. Mdhibiti anatoa muda ili ajifunze, mwombaji anaupokea ili aishi. Ofgem ilipopanga upya utaratibu wake mwaka 2020 ilikiri jambo hilo kwa vitendo, ikaweka zana kadhaa zaidi ya msamaha wenyewe: mwongozo mahususi kwa mradi, uthibitisho wa maandishi kwamba shughuli fulani inaruhusiwa, na uhakikisho kwamba haitachukua hatua za kinidhamu dhidi ya jambo fulani ndani ya mipaka iliyokubaliwa. Kwa kampuni ndogo, barua ya aina hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko msamaha.

Funguo ziko kwa nani

Sasa turudi kwenye kundi la tatu, wale waliobanwa kweli.

Kanuni za umeme Uingereza zimepangwa ghorofa kwa ghorofa. Juu kabisa kuna Sheria ya Umeme ya 1989. Kuzalisha, kusambaza na kuuza umeme bila leseni ni kosa, na mwenye mamlaka ya kumwondolea mtu hitaji la leseni ni waziri. Kwa agizo la mwaka 2001, muuzaji mdogo anayeuza umeme anaouzalisha mwenyewe, usiozidi megawati 5, ambazo si zaidi ya 2.5 zinazokwenda majumbani, haulizwi leseni. Nje ya hapo Ofgem haina la kufanya, hata ilipende wazo lako kiasi gani.

Ghorofa ya kati ni masharti ya leseni. Haya ni ya Ofgem, na yale yanayoruhusu kulegezwa inaweza kuyalegeza.

Ghorofa ya chini ni kanuni za sekta: vitabu vinene vinavyoeleza jinsi mita zinavyosomwa, hesabu zinavyofungwa, nyaya zinavyolipiwa. Vinatungwa na kuendeshwa na kampuni za sekta yenyewe kupitia vyombo vyao. Kitabu cha kufunga hesabu za nusu saa, kwa mfano, kinasimamiwa na kampuni ya Elexon. Ofgem huidhinisha au kukataa mabadiliko makubwa, lakini mwaka 2017 haikuwa na uwezo wa kuchukua kifungu cha kitabu hicho na kusema "kwa wakazi hawa wa Brixton, hiki kisitumike mpaka mwakani".

Sasa tazama tena ile uniti ya saa saba mchana. Kilichoifanya ionekane imesafiri nchi nzima si sheria ya bunge wala si sharti la leseni. Ni kitabu cha kufunga hesabu na vitabu vya malipo ya nyaya. Mdhibiti alikuwa ametangaza uwanja wa majaribio, watu wakaja na jaribio lililo zuri, na kanuni iliyowazuia hakuwa na ufunguo wake. Ni aibu kidogo, lakini ni aibu yenye faida, kwa sababu isingejulikana kwa kukaa ofisini. Mwaka 2018 kitabu cha Elexon kilifanyiwa marekebisho ili mradi wa majaribio uweze kusamehewa vifungu fulani, Ofgem ikiwa na kauli ya mwisho. Vitabu vingine vilifuata, na utaratibu wa 2020 ukajaribu kuwapa waombaji mahali pamoja pa kuanzia, badala ya kuwatuma mlango hadi mlango.

Ningekuwa natunga utaratibu kama huu leo, kazi ya kwanza ingekuwa kuchora ramani ya funguo, kabla ya kutangaza dirisha lolote la maombi. Tangazo linavutia vyombo vya habari; ramani haivutii mtu.

Mchezo ukienda vizuri, nani analipa

Watu huuliza jaribio likiharibika itakuwaje. Hilo si gumu sana kulijibu. Washiriki waelezwe kwa lugha wanayoielewa, wahakikishiwe hawatalipa zaidi ya ambavyo wangelipa bila jaribio, wawe huru kutoka siku yoyote, na kampuni ikianguka awepo wa kuwapokea. Kwenye nyumba za halmashauri uangalifu unaongezeka, maana huko wengi wana mita za kulipia kabla, za mtindo wa LUKU, na mteja wa mita hiyo mfumo ukimkosea anakaa gizani usiku uleule.

Swali gumu ni jaribio likifanikiwa. Wakazi wa jengo moja wakisamehewa sehemu ya malipo ya nyaya kwa hoja kwamba umeme wao haukuzitumia, gharama ya nyaya haipungui hata peni moja. Nguzo, transfoma na mafundi ni walewale. Wanaobaki wanagawana kilichoachwa, na miongoni mwao wapo wapangaji wa majengo yasiyo na paa la kuweka sola.

Wakazi nao wana jibu: tukitumia umeme palepale unapozalishwa, tunazipunguzia nyaya mzigo, kwa hiyo tustahili kulipa kidogo. Lina ukweli wake wa mwezi wa saba. Nyaya za London, hata hivyo, hupimwa ukubwa kwa jioni ya majira ya baridi, watu wanaporudi kazini, wanapika na kuwasha kila kitu kwa wakati mmoja. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Saa ambayo waya unahitajika kuliko zote, paa la Elmore House halitoi kitu. Betri inaweza kubadilisha hesabu hiyo, na ndiyo maana mpimaji anapaswa kuuliza kuhusu betri kabla ya kuuliza kuhusu programu ya simu.

Kwa jengo moja, kiasi hicho hakimuumizi mtu. Kwa sababu hiyo napenda majaribio yenye kikomo cha idadi ya wateja kuliko yale yenye kikomo cha muda tu. Idadi ndiyo inayozuia hasara isimwagike kwa wasiohusika.

Uingereza yenyewe ilipata somo kali kwenye jambo la jirani. Wauzaji wadogo walioingia sokoni miaka ya 2010 hawakuwa ndani ya uwanja wowote wa majaribio; walikuwa na leseni kamili, ila masharti ya kuipata yalikuwa mepesi na mitaji yao haikukaguliwa vya kutosha. Bei ya gesi ilipopanda, kampuni 29 zilianguka kuanzia Julai 2021. Wateja karibu milioni 4 waliathirika. Ofisi ya taifa ya ukaguzi ilikadiria, Juni 2022, kwamba gharama ilifika pauni bilioni 2.7 bila kuhesabu kampuni kubwa ya Bulb, kama pauni 94 kwa kila mteja, na zililipwa kupitia bili za watu wote. Ni vigumu kulaumu jaribio dogo la Brixton ukiwa na kumbukumbu hiyo. Ulegevu ulioumiza watu ulikuwa kwenye mlango wa kawaida, ambako hakukuwa na idadi, muda wala mpango wa kutoka.

Kwetu msamaha ulikuja mapema

Uholanzi ilifanya kinyume na Ofgem. Kwa agizo lake la 2015 iliwaruhusu vyama vya ushirika na vya wamiliki wa nyumba kuendesha majaribio ya umeme kwa hadi miaka 10, wakisamehewa vifungu vilivyotajwa tangu mwanzo ndani ya agizo lenyewe. Mwombaji alijua mapema anasamehewa nini, na muda ulitosha kulipa mkopo.

Tanzania nayo haikuhitaji dirisha. Kwa Sheria ya Umeme ya 2008, mradi mdogo usiozidi megawati 1 haudaiwi leseni, na kanuni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, za miradi midogo ziliruhusu gridi iliyo chini ya kilowati 100 kupanga bei yake bila kuidhinishwa kwanza; EWURA ingeingilia kama asilimia 15 ya wateja wangelalamika. Huo ni msamaha wa kudumu, kwa aina nzima ya miradi, wenye kengele ya hatari mikononi mwa wateja wenyewe. Kwa ubunifu wa kanuni, naona unazidi mengi yaliyosifiwa London, na wawekezaji waliufuata hadi visiwa vya Ziwa Victoria.

Kilichokosekana ni ramani ya funguo. Bei kwenye gridi hizo zilipita shilingi 1,000 kwa uniti pasipo mtu kushangaa, kwa sababu gharama za kijiji cha kisiwani ndizo hizo, wakati mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, alikuwa akilipa 100. Mwanakijiji anayelipa mara kumi ya mwenzake wa ng'ambo ya maji ana hoja nzito, na hoja hiyo haikuishia kwenye kengele ya asilimia 15. Mwaka 2020 serikali iliagiza bei za gridi ndogo zishuke hadi shilingi 100. Wateja walipata nafuu mara moja, waendeshaji wakabaki na mitambo iliyojengwa kwa hesabu ya bei nyingine, na uwekezaji mpya ukapoa. Aliyekuwa akiandaa mradi mwaka 2018 aliisoma kanuni ya EWURA vizuri na kuielewa vizuri. Alichohitaji kuuliza kabla ya kukopa ni nani mwingine, juu ya EWURA, ana uwezo wa kuigusa bei yake, na kama ataigusa, pengo kati ya 1,000 na 100 litajazwa na nani.